Kiporo cha Angani

Mimi si mtu wa kuchagua chakula. Nimesoma shule ya bweni, nikala maharage ambayo wadudu wake tuliwahesabia kuwa ndiyo nyama ya siku hiyo. Nimekula ugali wa msibani uliopikwa na wanaume. Natanguliza wasifu huu ili msomaji asije akadhani anayelalamika hapa ni mtoto wa kishua aliyekosa mayonesi. Analalamika mzoefu.

Kisa chenyewe ni safari ya kikazi, Dar es Salaam hadi London kwa kupitia mji mmoja wa Ghuba. Shirika la ndege silitaji, kwa sababu bado nina pointi zangu kule. Ofisi ilinikatia tiketi ya daraja la uchumi. Nchi yetu iliingia uchumi wa kati mwaka 2020, tukashangilia; mimi ndani ya ndege nikajikuta uchumi wa nyuma kabisa, mstari wa 41, jirani yangu wa karibu kuliko wote akiwa choo.

Wenye majahazi huita mbele ya chombo omo na nyuma tezi. Ndege nayo ni chombo. Walioko omo wananyoosha miguu, sisi wa tezini tunaikunja, na katikati kuna pazia. Lakini pazia lile lilishonwa kuzuia macho. Pua hawakuipigia hesabu. Hatujakaa sawa angani, harufu ya nyama ya kuchoma ikatoka omo, ikashuka mstari kwa mstari, ikatusalimu wote mmoja mmoja, kisha ikaishilia chooni.

Toroli letu lilitokea saa nane usiku. Nyumbani kwangu mtu akipakua chakula saa nane usiku tunamuuliza ameota nini. Angani unaamshwa, unawashiwa taa, na unatakiwa uwe na njaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: methali hii nilifundishwa darasa la tano, nikaielewa siku nilipoona toroli la ndege likija kwa magurudumu yake.

Chaguo lilikuwa kuku au pasta. Nikaanza kuhesabu kama wakala wa chama anayelinda kura. Mstari wa 33: kuku, kuku, pasta. Mstari wa 34: kuku, kuku, kuku. Nikaona mwelekeo si mzuri. Kufika wa 38 matokeo yalikuwa wazi, lakini kama wakala yeyote wa chama kidogo niliendelea kutumaini masanduku ya mwisho.

"Samahani sana," mhudumu akaniambia kwa upole, "kuku ameisha. Ungependa pasta?"

Ungependa! Mtu amebakiwa na kitu kimoja, bado anaulizia mapenzi. Nikajibu, "Naam, pasta," kwa sauti ya mtu aliyeipania tangu anafunga begi nyumbani.

Trei ya ndege ni Kariakoo ndogo: kila kitu kipo, na hakuna pa kuweka mkono. Kulikuwa na mkate wa duara, baridi, wenye uzito wa kurushwa. Siagi ngumu kama jiwe la kiberiti. Saladi ya majani matatu na kinyanya kimoja kilichokuwa kinaukimbia uma. Keki ya mraba. Kikombe cha maji kilichozibwa kwa foili, ambacho hakijawahi kufunguka bila kumwagika. Na bahasha ya nailoni yenye uma, kisu, chumvi, pilipili manga na kijiti cha meno. Hicho kijiti ndicho kilichoniuma. Kijiti cha meno ni cha mtu aliyekula nyama. Kumpa mla pasta kijiti ni kumsimanga.

Nikabandua foili ya pasta. Mvuke ukapanda kwenye miwani, nikawa sioni kwa sekunde kumi hivi, na hizo ndizo zilikuwa sekunde nzuri kuliko zote za mlo ule. Miwani ilipokauka nikaona pembeni imeshika ukoko, katikati imelowa kama uji wa mgonjwa. Nikaihamia yogati. Kopo la yogati hufungwa huku chini, penye hewa nzito. Kule juu hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi zaidi, basi kifuniko huvimba kama koo la chura. Ukikigusa, kinakutemea. Shati nililokusudia kuvaa semina likawa limeanza semina mapema.

Na hapo sijasema habari ya nafasi. Wa mbele yangu alikuwa amelaza siti, meza ikanigota tumboni. Viwiko nimevibana mbavuni, shingo nimeitoa mbele, nadonoa. Kuku niliyemkosa nikawa ndiye mimi.

Jirani yangu wa kulia alikuwa Mzungu aliyebabuka pua, katoka kupanda Kilimanjaro. Sasa sisi tumelelewa kwamba mtu hafungui chakula mbele ya mwenzake bila kusema karibu. Na anayekaribishwa naye amelelewa kujibu asante, nimeshiba, hata kama hajatia kitu kinywani tangu juzi. Ni mkataba wa pande mbili. Ndiyo maana umedumu. Nikamwambia, "Karibu." Bwana yule alikaa nchini wiki mbili. Wiki mbili zinatosha kujifunza karibu, hazitoshi kujifunza nimeshiba. "Asante sana!" akasema kwa furaha, akachukua keki yangu. Yote.

Kunifuta machozi akanionyesha picha kwenye simu. Hema la kulia, bakuli la supu inayofuka, sahani ya bisi, viazi vya kukaanga. Kambi ya Barafu, akasema, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, walipandisha mtungi wa gesi, masufuria na trei za mayai, mpishi akachutama kwenye upepo ule akakaanga.

Nikatazama picha, nikatazama pasta. Ndani ya ndege hewa hupangwa iwe kama ya mahali penye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Huko Kilimanjaro ni kama langoni Marangu na kupanda kidogo. Mpanda mlima hajaanza hata kuhema. Mtu mwenye jiko la gesi na hema linalopeperuka analisha watu vizuri kwenye kimo mara mbili ya hicho. Kampuni yenye chombo cha mabilioni inanipa ukoko wenye uji.

Nisiwaonee lakini. Kosa jingine ni la ulimi wangu. Mwaka 2010 Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer walichukua kipande cha mwili wa Airbus, wakakiweka ndani ya chumba cha kupunguzia mgandamizo wa hewa, wakaketisha watu humo na kuwalisha. Wakaona kwamba angani ulimi hupoteza makali: chumvi huhisiwa pungufu kwa kati ya asilimia 20 na 30, sukari nayo asilimia 15 hadi 20. Hewa ya ndegeni ina unyevu chini ya asilimia 20, Dodoma ya Septemba ni bwawa ukiilinganisha nayo. Pua inakauka, na pua ikikauka ulimi umebaki mjane. Kilichowasukuma kufanya utafiti huo ni Lufthansa, iliyoshangaa kuona abiria wake wanakunywa juisi ya nyanya karibu sawa na bia. Mjerumani akifikia kuomba juisi ya nyanya penye bia, ujue hewa ina hitilafu.

Kisha kuna kelele. Injini hunguruma kiasi cha desibeli 85, kama vile unakula umeegemea mashine ya kusaga. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba ngurumo ya namna hiyo huufifisha utamu wa sukari, lakini ile ladha nzito ya nyanya, uyoga na mchuzi wa nyama huizidisha.

Niliposoma hayo nikaruka. Ladha nzito! Hiyo si ndiyo dagaa? Si ndiyo uduvi, papa mkavu, mchuzi wa ng'onda? Bibi zetu wa pwani walikuwa wakipika chakula cha ndege kabla ndege hazijaja! Nikaanza hata kutunga barua kwa shirika, kwamba wamchukue mama ntilie mmoja wa Feri. Barua ikakwama nilipofikiria abiria 300 ndani ya bomba lililofungwa, saa sita, na dagaa. Niliichana mwenyewe.

Ila hata huyo mama ntilie angeshindwa, kwa sababu ndani ya ndege hakuna jiko. Kuna oveni za kupashia. Chakula chako kimepikwa chini, saa nyingi kabla, jikoni kwenye masinia makubwa. Kikapozwa kwa haraka, kikawekwa kwenye baridi, kikapakiwa kwenye lori, kikapandishwa ndegeni, kikapashwa dakika ishirini hivi, kikaletwa. Mambo hayo Kiswahili kina neno lake, na wala si neno geni. Ni kiporo.

Sina ugomvi na kiporo. Wali wa jana kwa chai ya rangi umenisomesha. Lakini kiporo cha nyumbani kina historia: jana kilikuwa chakula, kililiwa na watu wakashiba, kikabaki. Kiporo cha angani hakijawahi kuwa chakula. Hakuna aliyekila kikiwa cha moto. Kimezaliwa kiporo.

Mlo wa kwanza kuuzwa ndegeni haukudanganya mtu. Ilikuwa tarehe 11 Oktoba 1919, ndege za Handley Page kati ya London na Paris: kisanduku cha sandwichi na matunda, shilingi tatu za Kiingereza. Baridi, na kiliitwa baridi. Uovu wenyewe ulikuja baadaye, na ulikuja kwa maandishi.

Mwaka 1958 mashirika yanayovuka Atlantiki ya Kaskazini yalianzisha daraja hili letu la uchumi. Umoja wao, IATA, ukapitisha kanuni: abiria wa nauli nafuu apewe sandwichi, na sandwichi hiyo iwe ya kawaida, ya baridi na ya bei rahisi. Soma tena taratibu. Watu wazima waliovaa tai walikaa mezani, wakaandika kwamba chakula cha watu wa nyuma kisinoge sana. Walihofia kwamba tukinogewa, wa omo watauliza kwa nini wanalipa zaidi.

Waskandinavia wa SAS wakaona hapo pana upenyo. Kwao sandwichi ni kipande kimoja cha mkate kilichobebeshwa vitu mpaka mkate hauonekani. Wakabebesha. Abiria wakafurahi. Pan American na TWA wakaenda kushtaki. Ikabidi kikao kiitishwe London, wajumbe watoke huko na huko, waketi wajadili sandwichi ni nini hasa na inaanzia wapi kuwa karamu. SAS wakapigwa faini ya dola 20,000. Kosa lao ni kuwalisha vizuri watu wa tezini.

Kanuni ile imeshakufa, lakini roho yake bado inasafiri bure. Mwaka 1987 bosi wa American Airlines, Robert Crandall, aliagiza kila saladi ipunguzwe zeituni moja. Inasimuliwa kwamba zeituni hiyo iliokoa kama dola 40,000 kwa mwaka, na wanafunzi wa biashara hufundishwa kisa hicho kama mfano wa busara. Mimi nilikumbuka saladi yangu ya majani matatu, nikajiuliza jani la nne lilimnunulia nani nini.

Basi la mkoani linanitesa kwa mengi, lakini hili halijanifanyia. Konda anapiga kelele "Dakika kumi, kula na kuchimba dawa!" na dakika zake kumi ni saba. Lakini Korogwe pale namwona mtu anayenikaangia chipsi. Namwambia aongeze pilipili, anaongeza. Nikimwambia kuku mdogo, ananitukana kidogo na kunibadilishia. Tunajuana. Angani mpishi wangu simjui, naye hanijui. Anajua tu kwamba mstari wa 41 kutakuwa na mtu, na mtu huyo hatateremka.

Mwenzangu wa ofisini, msafiri wa siku nyingi, aliposikia haya alinicheka. Akanipa siri: ukiagiza chakula maalumu mtandaoni, angalau saa 24 kabla, hulipi senti ya ziada na unahudumiwa kabla ya toroli. "Agiza mboga za Kihindi," akaninong'oneza. "Viungo vimejaa, hata ulimi uliokauka unashtuka."

Nikafanya hivyo kabla ya kurudi, nimesimama kituo cha basi London, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Orodha ilikuwa ndefu: wenye kisukari, wasiokula chumvi, watoto, matunda matupu, mboga za Kihindi, na milo mingine chini yake. Nikagusa, simu ikaniambia asante.

Kipande cha mwisho, Ghuba hadi Dar, nilikaa na mama mmoja wa makamo, baibui safi, mkoba kaupakata mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

Alikuwa anatoka kumtazama binti yake aliyejifungua. Kakaa naye mpaka arobaini ikaisha. Mwenyewe ni wa Tanga. Tulikuwa tumeanza kuelewana vizuri trei yangu ilipofika. Ilifika peke yake, mbele ya toroli, mikononi mwa binti wa Kikenya, ikiwa na kibandiko chenye namba ya siti yangu. Mistari mitatu iligeuka. Kwa muda wa kama dakika moja nilikuwa mtu wa omo.

Nikabandua foili. Wali mweupe. Karoti za kuchemsha. Boga la kuchemsha. Nikanusa: hakuna kitu. Nikaonja: hakuna kitu chenye moto.

"Pole kwa tumbo," binti akaniambia kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kusikika, maana injini zilikuwa zikinguruma. "Hicho ni cha wenye matatizo ya tumbo. Hakina chumvi wala viungo. Hakitakusumbua."

Kidole changu kilikuwa kimeteleza mstari mmoja.

"Kumbe unaumwa tumbo, baba?" mama akageuka na uso wote wa huruma.

Nifanyeje? Ningesema siumwi, ningelazimika kueleza kwamba nilifanya hila ili nile kabla ya wenzangu. Mbele ya mama wa Tanga. "Kidogo tu, mama," nikasema. Nikashika tumbo, ili ushahidi ukamilike.

Toroli likafika. Kuku au samaki? Na siku hiyo kuku walikuwapo wa kumwaga; nilimwona binti anavuta trei zao kutoka droo iliyojaa. Mama akaomba kuku. Akainua ncha ya foili kwa ukucha, akachungulia kama anayefunua chungu cha mkwe asiyemwamini.

"Hiki kimepikwa lini, mwanangu?"

"Leo, mama," binti akacheka.

"Leo saa ngapi?"

Binti akaendelea na mstari wa nyuma. Mama akairudishia foili yake, akaikandamiza vizuri pande zote nne. "Kiporo," akasema, si kwa hasira. Kisha akafungua mkoba, akatoa kontena la plastiki, akalifunua.

Katlesi. Binti yake alizikaanga asubuhi ile. Nane, rangi ya dhahabu, na ndimu iliyokatwa robo, na pilipili ya kusaga kwenye kichupa. Utafiti wa Wajerumani ulikufa pale pale: nilisikia harufu ya bizari, ya kitunguu saumu, ya kotimiri, moja moja kwa majina yake. Nikajiweka tayari. Najua utaratibu: atasema karibu, nitasema asante nimeshiba, atasisitiza, nitakataa kwa unyonge zaidi, kisha nitachukua mbili.

Mama akanitazama, akaitazama trei yangu, akatikisa kichwa.

"Ningekukaribisha, mwanangu, lakini nitakuua. Zina pilipili hizi. Wewe kula boga lako."

Nikala boga langu. Alikula katlesi tano, akafunga kontena, akamshukuru Mungu. Binti wa Kikenya akapita kukusanya. Trei ya mama ikaondoka na foili yake imefungwa, kuku mzima ndani, akapita mbele ya pua yangu, robo hatua, akarudi alikotoka bila kuguswa na mtu. Kuku niliyemtafuta ndege mbili. Nisingeweza hata kumwomba. Naumwa tumbo.

Nikafungua bahasha ya nailoni nitafute tishu ya kujifutia mikono. Ndani yake, nadhifu kabisa, kijiti cha meno.